Tezi Yangu, Miguu Yangu na Ng'ombe Waziri

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeamka saa kumi na moja. Miguu inawaka moto tangu vidoleni hadi kwenye vifundo. Juu ya moto, ganzi. Sielewi jinsi kiungo kimoja kinavyoweza kuuma na kufa ganzi kwa wakati mmoja. Changu kinaweza.

Nimekwenda kukamua. Vidole vya mikono navyo havina habari. Nilidhani ninavuta chuchu. Nilikuwa ninavuta ngozi ya kiwele. Waziri alipiga teke. Ndoo chini, lita nne chini. Waziri ndiye ng'ombe wangu wa pekee. Nilimpa jina hilo kwa sababu hula sana na hafanyi haraka. Kwa miaka sita hajawahi kunipiga teke.

Waithaka aliona yote. Ni jirani yangu, na hutazama juu ya ua kama watu wengine wanavyotazama televisheni. Alisema, "Inspekta, ng'ombe huyo amekuchoka. Niuzie mimi kabla hajakung'oa meno." Nilikuwa mkaguzi wa maziwa katika ushirika wa hapa Bahati kwa miaka ishirini na minane. Nimestaafu, lakini Waithaka bado hunipa cheo hicho. Hanipi kwa heshima.

Saa tatu Wamuyu alipiga simu. Ni binti yangu. Yuko Olkaria, kwenye mvuke unaozalisha umeme. Kazi yake ni kupima maji ya visima. Mtu anayepima hapaswi kubishana na baba aliyepima kabla yake. Alibishana. Amesema tarehe 15 nitatolewa damu mjini Nakuru. Namba ya tezi isiposhuka, Waziri atauzwa kwa Waithaka, na mimi nitahamia kwake Naivasha, ghorofa ya tatu.

Ghorofa ya tatu! Nililala huko siku mbili mwaka jana. Asubuhi nilifungua mlango ili nitoke uani, nikajikuta ndani ya kabati.

Jumanne, 2 Septemba

Kwa ajili ya kumbukumbu. Tezi yangu ya thairoidi, iliyo hapa kooni, ililala mwaka wa 2019 na haijaamka. Ikilala, mwili wote husinzia pamoja nayo: baridi, uchovu, ngozi kavu, sauti nzito. Aliyegundua ni Daktari Simran wa kliniki ya mjini, binti wa Singh aliyekuwa akitengeneza lori la ushirika. Aliniandikia kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji, kisha nisubiri saa nzima kabla ya chai.

Kidonge nimekitumia kwa uaminifu. Ninakimeza kwa chai. Asubuhi ya Bahati ina baridi. Mtu mzima haamki akanywa maji kama bata. Tena chai yangu ni maziwa nusu na maji nusu, na maziwa ni ya Waziri. Nimeyapima mwenyewe. Hayana kasoro.

Mwezi wa Machi namba ilikuwa kumi na tisa. Inatakiwa isizidi nne. Daktari alisema kwamba ama sinywi dawa ama ninainywa vibaya. Nilimjibu kwamba yote mawili yananivunjia heshima. Akasema pia kwamba mtu mwenye tezi iliyolala mara nyingi hupungukiwa na vitamini, hasa B12 na D, na kwamba B12 ikipungua mishipa ya fahamu huanza kulalamika miguuni na mikononi. Hataki kubahatisha. Atapima zote.

Kwa hiyo mitihani ni mitatu: tezi, B12 na D. Nina siku kumi na tatu. Nimewaona wakulima wakijiandaa kwa ukaguzi kwa muda mfupi kuliko huo.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpango wa kwanza ni maini. Imeandikwa kwenye kikaratasi cha kliniki kwamba B12 imo ndani ya maini. Nimeagiza nusu kilo kila siku hadi tarehe 15. Mwenye bucha ameuliza kama nimefuga chui.

Nimemwambia akate bila maswali.

Jumapili, 7 Septemba

Maini asubuhi, maini mchana, maini jioni. Kanisani nilipata benchi zima peke yangu. Sikulalamika. Miguu ilipata nafasi.

Mpango wa pili ni jua, kwa ajili ya vitamini D. Baada ya ibada niliketi mbele ya nyumba, suruali imekunjwa hadi magotini. Waithaka alipita na mkewe. Alisimama. Aliuliza, "Inspekta, ni mahindi gani hayo unayaanika? Mbona hayana punje?" Mkewe alicheka hadi akashika nguzo ya lango.

Nimeandika majina yao pembeni mwa ukurasa. Ni mazoea ya kazi.

Jumanne, 9 Septemba

Jambo la aibu kidogo. Miguu ilikuwa baridi kama mawe huku ikiungua kwa ndani. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaitumbukiza. Nikaona maji ni ya vuguvugu. Nikaongeza ya moto. Bado vuguvugu. Nikaongeza tena.

Maji yalikuwa yakitoa mvuke. Niliuona mvuke. Nikauamini mguu badala ya macho.

Lengelenge moja, mguu wa kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Haliumi hata kidogo. Nimeona hilo ni jambo zuri, kisha nimeona si zuri sana. Nimevaa soksi mbili. Wamuyu hana haja ya kujua.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda mjini, kwenye duka la dawa la Mayur. Mayur ni mtu wa adabu, lakini anauza dawa kana kwamba anakupa binti yake. Nilimwomba vitamini ya nguvu. Alisema, "Mzee, pima kwanza. Dawa baadaye. Usimpe daktari kazi ya kukisia." Nikamwambia kwamba mimi ndiye ninayepimwa.

Kwenye rafu niliona chupa kubwa yenye picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Vitamini ya familia ya B! Nikaulizia bei. Mayur alinitazama kichwani. Nina upara tangu mwaka wa 1994. Akasema vile ni vidonge vya nywele na kucha. Nilisema ni vya binti yangu.

Ndipo aliposema jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia mwezi huu. Alisema nimwonye binti yangu: kama atapimwa damu ya tezi, asivimeze kwa siku kadhaa kabla, kwa sababu vidonge hivi vinaidanganya mashine. Tezi iliyolala huonekana ipo macho. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama ni kweli namba hushuka. Alisema, "Inashuka kwenye karatasi, Mzee. Mwilini hakuna kilichobadilika." Akarudia mara mbili: kwenye karatasi tu.

Wamuyu husoma karatasi.

Nimenunua chupa mbili. Mayur amesema binti yangu ana bahati kuwa na baba anayejali nywele zake.

Jumamosi, 13 Septemba

Chupa inasema kidonge kimoja kwa siku. Siku zimebaki mbili. Nimekula sita.

Maini. Jua. Miguu ileile. Kucha za mkono wa kulia zinang'aa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtihani. Waithaka alinipeleka kwa pikapu yake, kwa kuwa siwezi tena kuhisi pedali za gari langu, na jambo hilo sijamwambia mtu. Njia nzima alizungumza kuhusu Waziri. Aliuliza kama anapenda chumvi. Aliuliza kama hulalia ubavu wa kushoto au wa kulia. Mtu haulizi maswali hayo kuhusu ng'ombe wa mwenzake.

Nilikuwa nimemeza vidonge vinane alfajiri. Msichana wa maabara aliuliza kama kuna dawa au vitamini yoyote ninayotumia. Nilijibu kwamba asubuhi nilikunywa chai. Ni kweli. Nilikunywa chai.

Aliingiza sindano. Damu ilitoka nyekundu kama ya mtu yeyote. Nilikuwa na wasiwasi kidogo kwamba ingeonyesha dalili za vidonge.

Jumatano, 17 Septemba

Majibu. Wamuyu alitoka Naivasha asubuhi, akanichukua, tukaketi mbele ya Daktari Simran kama washtakiwa wawili.

Jibu la D bado halijatoka. B12 imejaa. (Maini!) Namba ya tezi haikushuka hadi nne. Imeshuka hadi karibu na sufuri. Nilikaribia kupiga makofi.

Daktari hakupiga makofi. Alisema namba ikishuka kiasi hicho maana yake ni kwamba tezi haijaamka tu. Inakimbia kama lori lisilo na breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Moyo wa mtu wa umri wangu hauwezi kustahimili hilo. Wamuyu alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kisha daktari akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa. Mapigo hamsini na mawili. Akaangalia ngozi yangu. Akauliza kwa nini nimevaa sweta mbili na koti saa sita mchana. Nilisema kuna upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Akasema, polepole, "Karatasi inasema mtu huyu anakimbia. Mtu huyu anasinzia kwenye kiti. Mmoja wao ananidanganya. Mzee, umekula nini?"

Nilisema maini.

Akauliza kama kuna kingine. Nilinyamaza. Nimewahoji watu kwa miaka ishirini na minane. Najua kwamba anayenyamaza huandikwa mstari mmoja tu.

Ameagiza damu irudiwe Jumatatu. Lakini Wamuyu alikuwa amekwisha kusikia neno lori na neno moyo. Ndani ya gari alisema kwamba mtu ambaye moyo wake unaweza kusimama wakati wowote hawezi kuishi peke yake na ng'ombe. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Nyumbani alinivua soksi ili anipake mafuta, akaliona lengelenge. Aliketi sakafuni kwa muda, ameshika mguu wangu. Aliuliza kama ninahisi mkono wake. Nilisema ndiyo. Alikuwa ameshika mguu wa kulia. Mimi nilikuwa nikitazama wa kushoto.

Amempigia Waithaka simu.

Alhamisi, 18 Septemba

Waithaka alifika saa mbili na pikapu, na mzigo wa nyasi mbichi za nepia begani. Alikuwa amevaa koti la harusi. Alinisalimu vizuri. Aliniita Mzee Wanyoike, siyo Inspekta, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mabaya.

Alimwonyesha Waziri nepia. Waziri alimfuata. Hakugeuka hata mara moja! Miaka sita ya chumvi bora, na ananiacha kwa mzigo mmoja wa nyasi.

Walifika langoni. Wamuyu alikuwa akikunja mashati yangu sebuleni.

Nimefanya hesabu haraka. Nimefaulu mtihani kupita kiasi. Nikifaulu, ninaondoka. Nikiwa nimefeli, huenda nikabaki. Katika maisha yangu yote sijawahi kukutana na mtihani wa namna hiyo.

Nimekiri. Nimetoka nje, nikasimama kati ya Waziri na pikapu, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: tezi yangu haikimbii, imelala fofofo, nilikula vidonge vya nywele.

Waziri alikuwa akitafuna.

Wamuyu aliuliza, vidonge vya nini. Nilirudia. Aliuliza vingapi. Nilisema siku ya mwisho vinane. Alitazama kichwa changu, kama Mayur, kisha akaketi kwenye ngazi na kuficha uso. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa akicheka, kisha alikuwa akilia, na baadaye sikuweza kutofautisha.

Waithaka alitua mzigo chini. Alikumbusha mambo ya mwaka wa 1998. Kweli, mwaka huo nilimkamata. Alitia maji kwenye maziwa, kisha akatia unga ili maziwa yawe mazito tena, na akazidisha. Laktomita, kile kijiti cha kioo tunachokielesha kwenye maziwa, ilipanda hadi mahali ambapo hakuna ng'ombe duniani anayeweza kuifikisha. Nilimfungia kuuza maziwa ushirikani miezi mitatu. Leo amesema, "Kikombe kimoja cha unga, Inspekta! Watoto wangu walikunywa chai isiyo na sukari miezi mitatu. Na wewe umeenda ukatia unga kwenye damu."

Nimemjibu kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Bado sijapata yanapotofautiana. Nitalifikiria.

Waziri amerudi zizini. Nepia amekula yote.

Ijumaa, 19 Septemba

Wamuyu amerudi Olkaria. Kabla ya kuondoka aliniuliza jinsi ninavyomeza kidonge cha tezi. Nilimweleza kuhusu chai. Alifunga macho. Alisema maziwa hukikamata kidonge tumboni kabla hakijaingia mwilini, na kwamba kwa miaka sita nimekuwa nikimtibu ng'ombe wangu mwenyewe. Nilisema ng'ombe hakunywa chai. Alisema, "Baba, tafadhali."

Masharti yake ni haya. Kidonge kwa maji. Saa nzima bila chai. Vidonge vya nywele vitupwe. Kipimo kingine cha tezi baada ya wiki sita. Kikiwa kibaya, Waziri anaenda, na safari hii Wamuyu hatasikiliza hotuba ya langoni. Tena atanipa msimamizi wa kunitazama nikimeza kila asubuhi.

Msimamizi ni Waithaka.

Nimepinga. Msimamizi atakayepata ng'ombe mtahiniwa akifeli! Hata ushirika wetu, katika miaka yake mibaya kabisa, haukufanya hivyo.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa kumi na mbili kamili Waithaka alibisha. Ana daftari. Alinipa glasi ya maji na kidonge, akatazama. Nilimeza. Akasema, "Fungua mdomo, Inspekta. Inua ulimi." Nikainua. Akaandika. Kisha akaketi dakika sitini mbele ya birika langu la chai na kulilinda. Nilipolisogelea dakika ya hamsini na tatu alilihamishia upande wake.

Nilimuuliza kwa nini asiniache ninywe mapema, kwa kuwa nikifeli yeye ndiye atakayenufaika. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Alisema yeye alikwisha kufungiwa mara moja na imemtosha.

Sijui alikuwa na maana gani.

Jumatatu, 22 Septemba

Damu imerudiwa. Waithaka alinipeleka. Msichana wa maabara aliuliza tena kuhusu vitamini. Waithaka akajibu kabla yangu. Alijibu kwa kirefu. Watu wote kwenye foleni wamejua.

Jumatano, 24 Septemba

Majibu ya kweli. Tezi: ishirini na saba. Vitamini D: iko chini. B12: chini mno. Ile B12 iliyojaa wiki iliyopita nayo ilikuwa uongo wa vidonge vya nywele.

Nimeuliza kuhusu maini. Karibu kilo sita! Daktari Simran alieleza kwa subira. Mwili wangu mwenyewe ndio ulioishambulia tezi hadi ikalala. Mara nyingine mwili wenye tabia hiyo hulishambulia na tumbo pia, na tumbo likashindwa kuipokea B12 kutoka kwenye chakula. Ningekula ng'ombe mzima, B12 ingepita tu. Kwa hiyo nitachomwa sindano: siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili, kisha mara chache maisha yangu yote. Ananipa pia matone ya vitamini D. Mishipa ya fahamu hupona polepole, kwa miezi, na mingine hairudi ilivyokuwa ikiwa mtu amechelewa.

Nimeuliza kama nimechelewa. Alisema hajui. Alisema heri angelijua tangu mwezi wa Machi.

Sindano ya kwanza imepigwa leo. Dawa yake ni nyekundu kama sharubati. Waithaka aliuliza kama anaweza kubaki chumbani atazame. Alitazama kwa makini sana, mikono nyuma.

Ijumaa, 26 Septemba

Sindano ya pili. Safari ya kwenda mjini, foleni, safari ya kurudi. Waithaka analalamika kwamba viazi vyake vinaota magugu.

Jumapili, 28 Septemba

Sindano ya tatu. Kliniki hufunguliwa hata Jumapili, jambo ambalo sikulitarajia wala sikulifurahia. Kidonge kwa maji, siku ya tisa. Maji hayana ladha.

Jumatano, 1 Oktoba

Tukio. Leo asubuhi nimekanyaga sakafu ya saruji bila viatu, na kidole gumba cha mguu wa kulia kimehisi baridi. Baridi ya kawaida! Nimesimama hapo muda mrefu. Nimekiinua, nimekirudisha. Baridi tena.

Kisha nimekamua. Nimeihisi chuchu. Siyo vizuri, ni kama kuishika kupitia glavu, lakini nimeijua kuwa ni chuchu. Lita saba, hakuna teke. Nilibaki nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Waziri hata baada ya ndoo kujaa. Ubavu wake ulikuwa na joto. Nimeandika haya kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Nimempigia Wamuyu. Akasema nisiache sindano. Zimesalia tatu za mfululizo huu, na zile za maisha. Nikasema naam.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo kununua chumvi ya Waziri. Juu ya kaunta niliona chupa. B12! Nyekundu vilevile, rangi ileile ya Daktari Simran. Mililita mia moja! Kliniki hunipa kachupa kadogo kama kidole cha mtoto, tena nikikafuata kilomita kumi na tano.

Nimesoma maandishi yote, kama ilivyo desturi yangu. Wameandika kwamba ni ya mifugo pekee. Hawakueleza sababu. Mtu asiyetoa sababu hana hoja.

Nimefanya hesabu mara mbili. Kipimo cha ng'ombe mzima ni mililita ishirini. Waziri ana kilo mia nne na thelathini. Mimi nina sitini na nane. Kwa hiyo mililita tatu na sehemu ndogo. Nitapiga tatu kamili, sitaki kuzidisha. Nilizidisha vidonge vya nywele, na kosa lilikuwa hapo, kwenye kuzidisha. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro.

Faida ni nyingi. Sitakwenda tena mjini. Sitapanga foleni. Nitamaliza sindano zote nyumbani, Wamuyu atafurahi, na wakati wa kipimo tutakuwa tumeokoa siku nzima nzima. Chupa moja itanitosha hadi mwaka ujao. Itakayobaki ni ya Waziri.

Tatizo ni moja tu: nani atanichoma. Mkono wangu bado haujatulia. Nimemwendea Waithaka. Nilitarajia abishe, kwa kuwa siku hizi amekuwa mtu wa kanuni. Kwanza alibisha kweli. Kisha akaitazama chupa, akaitikisa, akaitazama kwa mwanga wa jua. Alisema amechoka na safari za mjini, na viazi vinaharibika. Alisema alimtazama nesi mara tano na hakuona jambo geni. Amechoma ng'ombe kwa miaka arobaini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Tumekubaliana kwamba Wamuyu hana haja ya kusumbuliwa na habari hii.

Atakuja kesho saa moja, baada ya kidonge na maji. Ameuliza kama aje na kamba.

Nimemjibu kwamba swali hilo ni la kipuuzi, kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, na nitasimama wima bila kufungwa.

Nimerudi nyumbani. Nimeitazama sindano ya ng'ombe aliyonipa. Nimempigia simu. Aje na kamba.